Suruali Zisizo na Mifuko

Katika miaka ile ya ruksa, kila biashara iliporuhusiwa na ugonjwa mpya ulipoingia nchini, mimi nilijua kwa hakika mahali unapoishi: mfukoni. Si mfuko wowote, la. Mfuko wa suruali ya mtumba. Kwetu mitumba tuliiita kafa Ulaya, kwa sababu ilisemekana mwenye nguo amefia huko Ulaya, ndiyo maana nguo imetufikia ingali nzima. Sasa mtu kafa, kafa na nini? Kile kilichomuua hubaki mfukoni, kimejikunyata kwenye lile vumbi la pembeni, kinasubiri mkono. Ukitumbukiza mkono kutafuta kiberiti, umekwisha.

Habari hiyo niliipata sokoni Ikwiriri kwa muuza ufuta, naye aliipata kwa utingo wa basi, na utingo aliipata kwa mtu aliyemwona kwa macho yake mtu aliyemjua marehemu. Ushahidi gani tena nilihitaji? Jioni hiyohiyo nilichukua mkasi wa mama nikakata mifuko ya suruali zangu zote, ya mbele na ya nyuma, hata kile kifuko kidogo cha kiunoni ambacho mpaka leo sijui Wazungu wanatilia nini. Nikaichoma moto. Kisha nikazichemsha suruali zenyewe kwenye sufuria ya shughuli, ile inayopika wali wa watu mia, zikatokota mpaka zikaanza kutoa harufu ya mchuzi.

Kwa nini nilichemsha? Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe.

Kwetu Mtunda, ugonjwa wa kuambukiza ulikuwa mmoja tu, nao ni kipindupindu. Malaria hatukuihesabu kuwa ugonjwa. Malaria ilikuwa kama mgeni aliyezoea nyumba, anaingia bila hodi, anakula, anaondoka. Lakini kipindupindu tulikisomea. Mvua zikikolea, kikianza kule Mbuchi kwenye makambi ya wavuvi, tulijua kinakuja, na kabla yake atakuja bwana afya na pikipiki yake na magunia ya chokaa. Alikuwa mtu wa bara, Mnyamwezi, kwa hiyo mtani wetu, lakini siku za kipindupindu utani aliuacha Kibiti. Alifunga migahawa. Alimwaga miwa ya watu. Alisimama juu ya kreti la soda akatupigia kelele: chemsha, nawa, tenga, mwaga chokaa. Mgonjwa atengwe, sahani yake itengwe, kikombe chake kitengwe, alipopita pamwagwe chokaa. Mwanzoni tulimcheka, tukazika. Baadaye tulimsikiliza, na mazishi yakapungua. Tangu hapo maneno yake tuliyashika kama tulivyozishika sura fupi za chuoni, hata mtoto anayetambaa ukimwambia "ugonjwa wa kuambukiza" angeweza kukuonyesha chokaa iliko.

Basi redio iliposema kuwa kuna ugonjwa mpya, hauna dawa, nao ni wa kuambukiza, sisi hatukungoja sentensi imalizike. Tulikwisha kuimaliza wenyewe.

Mimi wakati huo nilikuwa nasoma shule ya jioni, darasa la watu wazima tuliokosa nafasi utotoni, chini ya karabai iliyokuwa ikipumua kama mgonjwa wa pumu. Tulikuwa tumefika kwenye vijidudu. Mwalimu alitufundisha kuwa vijidudu hupenda mahali penye joto, giza na unyevu. Nilikaribia kuruka juu ya dawati. Joto, giza na unyevu! Mfuko ni nini kama si hivyo? Nikaupa ule uvumi wa utingo elimu ya kidato cha pili, ukapata nguvu ya ajabu. Baada ya wiki chache nusu ya darasa walikuwa hawana mifuko. Tulitembea na hela kwenye kofia, chaki nyuma ya sikio, kiberiti ndani ya soksi. Mtu mmoja aliyekuwa fundi baiskeli alibeba spana zake mdomoni kama mbwa. Mwalimu alituuliza kama tumejiunga na chama.

Suruali zile nilipewa na kaka yangu. Tulizaliwa wawili tu kwa mama, na baba alikwisha kufariki. Kaka alikuwa na biashara ya mitumba. Alinunua marobota Dar es Salaam, akashusha Ikwiriri, na kila robota lilipofunguliwa alinichagulia ya kwangu kabla mteja hajagusa. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa maringo, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Yeye na mkewe walikwisha kuachana. Alikuwa akiingia kijijini, mbwa hawambwekei, wanasimama kumwangalia.

Siku aliyorudi kutoka safari yake ya mwisho ya Dar, mbwa walimbwekea.

Aliteremka kwenye basi akiwa na mfuko mmoja wa rambo na shati ambalo bega lake la kushoto lilikuwa linaning'inia kama limetundikwa msumarini. Mama alisema, "Malaria hii, mwanangu." Tukampa klorokwini. Akajikuna usiku na mchana, tukafurahi, maana dawa ikiwasha ndiyo inafanya kazi. Homa ikaondoka, ikarudi. Tukampa nyingine. Kisha akaanza kuharisha, na haikukoma.

Mama hakuhitaji kuambiwa la kufanya. Maji yaliyochemshwa, chumvi, sukari, kijiko baada ya kijiko, kama bwana afya alivyotufundisha. Kaka akapata nafuu kidogo, macho yakarudi. Lakini hatukuwa kwenye majira ya kipindupindu, wala hakikuwa kimesikika Mbuchi, na kipindupindu hakimkondeshi mtu kidogo kidogo mwezi mzima. Kipindupindu kina haraka zake. Jirani mmoja aliyewahi kukaa Dar alichungulia mlangoni, akarudi kinyumenyume, akasema, "Ule wa redioni huo."

Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa mkubwa wetu baada ya baba. Aliitisha kikao ukumbini. Mjomba hakuwa mtu mbaya, msije mkamwona hivyo. Kipindupindu kilikwisha kumchukulia watoto wawili katika mwaka ule tuliomcheka bwana afya, na tangu hapo hakuwahi kunywa maji ambayo hakuyaona yakitokota kwa macho yake. Alikaa kwenye mkeka akikunjakunja ukingo wake.

"Redio imesema ni wa kuambukiza au haikusema?" aliuliza.

"Imesema," nikamjibu. Mimi ndiye msomi wa ukoo.

"Basi atengwe. Uani hapa mna watoto wangapi? Sitazika tena kwa ubishi."

"Atengwe wapi?" mama akauliza. "Kambi ya bwana afya haipo sasa hivi."

"Dunguni."

Dungu letu lilikuwa bondeni, kwenye shamba la mpunga. Kwa asiyeyajua madungu: ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, unapanda kwa ngazi, unakaa huko msimu mzima kufukuza ndege na nguruwe, na maji ya mto yakitambaa shambani wewe uko juu. Ni pazuri kwa mtu mzima wa afya mwenye kombeo. Kwa mtu ambaye kushuka ngazi kujisaidia ni safari, ni pengine kabisa.

Mama alisema, "Kaka yangu, huyu mtoto ataliwa na baridi." Mjomba alitazama watoto waliokuwa wakicheza rede nje, na mama akamwona anavyowatazama, akainuka kumtafutia kaka blanketi. Sote tulijua anawahesabu wale wawili wasiokuwepo.

Tukampeleka. Niliendesha baiskeli, kaka nyuma, mzigo wake haukuzidi wa debe tupu. Nikampandisha kwa kamba aliyojifunga mwenyewe kwapani, imepitishwa juu ya boriti, mimi niko chini navuta, kwa maana sikutaka kumshika. Nikazungushia chokaa nguzo zote nne, duara jeupe, pana, kama uwanja wa mpira. Hapo ndipo ulipokuwa mwisho wa kila mtu. Mama alipika, mimi nikapeleka, nikakitia chakula kwenye kapu lenye kamba, yeye akavuta. Bakuli lake lilikuwa moja, la bati, na kijiko chake kimoja, na vilikaa huko huko juu.

"We mdogo wangu," aliniita siku ya kwanza, kichwa kikichungulia. "Hiyo suruali yangu umeifanyaje? Nilikupa suruali, mbona kaptura?"

"Nimeichemsha."

"Umeila?"

Nilicheka, nikiwa nje ya duara. Akasema, "Mifuko iko wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, vijidudu, joto, giza na unyevu, kwa sauti ya mwalimu kabisa. Alinisikiliza. Kisha akaitazama mikono yake, mbele na nyuma, muda mrefu. Alikuwa ameitia mikono hiyo katika mifuko mingi kuliko mtu yeyote wa wilaya nzima. Kila robota aliipekua mifuko, maana wakati mwingine Wazungu husahau sarafu.

"Kumbe," akasema. "Basi panda tucheze bao, ubao niko nao huku."

"Leo nina haraka, kaka."

Sikuwa na haraka. Tangu hapo nilikuwa na haraka kila siku. Nikirudi nyumbani najiosha kwa maji ya moto mpaka ngozi inabadilika rangi, nanawa kwa sabuni ya mche, halafu naenda shuleni na kukaa karibu na mlango. Nilijipima homa kwa kiganja hata mara mia kwa saa. Nikikohoa, nilikwisha. Chooni nilitazama mpaka nikaona aibu. Nilikuwa nimevaa nguo zile mwaka mzima kabla sijakata mifuko, na mfukoni nilikuwa naweka karanga.

Halafu mto ukaanza kupanda.

Mwanzo yalikuwa maji ya kawaida ya msimu, ya kifundo cha mguu, ambayo mpunga unayapenda. Duara langu la chokaa likawa maziwa, kisha likatoweka. Siku iliyofuata nilifika na maji yako magotini, na nguzo moja ya dungu ilikuwa inatikisika nikiigusa. Kaka hakuvuta kapu. Niliita mara nyingi ndipo kichwa kikajitokeza.

"Usiku viboko wamepita," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mmoja kajikuna kwenye nguzo. Nikamwambia, wewe nenda, huku juu kuna kafa Ulaya."

Sikuweza kucheka. Nilirudi nyumbani nikikimbia, baiskeli naiburuta, nikawaambia. Mama alisimama pale pale alipokuwa.

"Namleta ndani," akasema.

"Dada, ngoja."

"Ningoje nini? Ningoje maji yamlete yenyewe?"

Mjomba alitembea uani huku na huku. Mwisho akasema, "Sawa. Lakini si bila chokaa. Tumwage chumba kizima, mlango mpaka mlango, na njia atakayopita, na choo. Chokaa imekwisha. Mjomba," akaniambia mimi, kwa vile kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo wote wawili, "nenda Kibiti kwa bwana afya. Lete gunia. Ukirudi na chokaa, analala ndani leo. Bila chokaa sitaweza."

Nilitoka Mtunda mpaka Kibiti kwa baiskeli, na nawaambia hakuna ndege iliyotengenezwa ambayo ingenipita siku ile. Kuku waliruka njiani hawajui kilichowapata. Nilikuwa natazama mawingu ya kule juu mtoni, meusi tii, na kila nilipoyatazama nilikanyaga zaidi, na kaptura yangu ikachanika katikati, nikaendelea.

Bwana afya nilimkuta nje ya ofisi yake anatengeneza pikipiki. Aliponiona akaweka spana chini.

"Mtani! Nani kakufukuza? Na hiyo nguo ndiyo mnayovaa Mtunda siku hizi? Kweli Wandengereko mmekosa hata kitambaa cha kujifichia?"

"Mtani, naomba chokaa. Gunia."

Utani ukamtoka usoni kama maji kwenye karai. "Wangapi? Wameanza lini? Wanatapika?"

"Mmoja. Kaka yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

Alinitazama. "Kipindupindu cha tangu kabla ya mvua?"

Ndipo nikamwambia. Klorokwini, kuharisha, shati linaloning'inia, jirani, redio, dungu, maji magotini, kiboko. Nikamwambia kuwa duara la kwanza lilikuwa zuri tu, ila mto umelila. Nikamwambia vilevile kuhusu mifuko, ili aone kuwa tumechukua tahadhari zote. Nilitegemea anisifu. Aliketi kwenye kiti cha pikipiki, akajifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Amekaa huko peke yake muda wote huu?"

"Ndiyo. Kama ulivyotufundisha."

Akaamka. "Panda nyuma," akasema.

"Na chokaa?"

"Panda nyuma."

Tulipita nyumbani bila gunia. Mjomba alipotuona mikono mitupu alianza kusema kitu, lakini bwana afya hakuzima hata pikipiki, akasema tu, "Nifuateni bondeni," mama akatoka na bakuli la wali na samaki alilokuwa amemwandalia kaka, na wote tukashuka, bwana afya mbele, suruali yake ya kazi amekunja mpaka mapajani. Maji yalikuwa yameniramba kiuno. Mama alibeba bakuli kichwani. Mjomba alibaki nyuma hatua chache, pale ambapo duara lingekuwa.

Bwana afya alinawa kwa sabuni aliyoitoa mfukoni. Naam, mfukoni, na mimi nilifumba macho. Kisha akamwomba mama bakuli, akapanda ngazi nalo, ngazi ikalia, dungu likayumba, akaingia.

Tulisikia sauti yake. "Kumbe bado hujafa! Mimi nimekuja na njaa ya pilau ya msiba, unaniaibisha mbele ya watu."

Halafu sauti ya kaka, ambayo sikuwa nimeisikia ikicheka tangu aliposhuka kwenye basi. "Mnyamwezi wewe, umefuata harufu ya samaki toka Kibiti."

"Lete hapa." Kwetu mtani ana haki hiyo: akikuta chakula chako anakipora, nawe huna pa kushtaki. Sakafu ya dungu ni ya fito, tuliona kwa chini vivuli vyao viwili, na tukasikia kijiko kikigonga bati. Kijiko kilikuwa kimoja tu huko juu. Kikagonga tena. Mdomo wa nani, hatukujua, kisha tukajua, maana vivuli vilikuwa vinapokezana.

"Mtani, acha," kaka akasema, sasa bila mzaha. "Utakufa."

"Mnyamwezi hafi kwa wali wa Mndengereko. Labda afe kwa uchoyo wake. Sogeza huyo samaki."

Mama alikwisha kushika ngazi. Mjomba akaita kutoka nyuma, sauti imepasuka: "Bwana afya! Wewe mwenyewe! Si wewe uliyesimama juu ya kreti ukatuambia ugonjwa wa kuambukiza mtu atengwe, na sahani itengwe? Mimi nilizika kwa kutokusikiliza. Safari hii nimesikiliza!"

Bwana afya alitokeza kichwa mlangoni. Punje ya wali ilikuwa kwenye sharubu zake. Hakupiga kelele kama siku za kipindupindu.

"Umesikiliza, mzee wangu. Mmenisikiliza sana, na maji ya chumvi na sukari aliyompa mama ndiyo yaliyomfikisha leo. Lakini nilikuwa nawafundisha kipindupindu. Kipindupindu kinaingia kwa mdomo, ndiyo maana nikawatenganishia sahani. Huu hauingii kwa mdomo. Unapita kwa watu kulala pamoja, na kwa damu, na kwa mama kumpa mtoto aliye naye tumboni au anayemnyonyesha. Akiwa na kidonda mtavaa mipira ya mikononi, nitawaletea, na wembe wake uwe wake. Basi. Kula naye, kulala naye chumba kimoja, kumbeba mgongoni, hakuna aliyeupata hivyo."

Kisha akanitazama mimi, niliyesimama majini na kaptura yangu iliyochanika.

"Na mfukoni, mtani, hamna kitu. Panda umshike kaka yako, tumteremshe, maji yanakuja."